Kwanini wanaotafiti Alzheimer na Parkinson wanachungulia macho?

Swali: Ugonjwa wa kusahau, yani Alzheimer, au ule wa kutetemeka, yani Parkinson, uko kichwani, jicho linaingiaje hapo?

Linaingia sana tu. Retina, ile tando nyembamba nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ni ubongo kabisa, yani mtoto akiwa tumboni inachipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe alafu inabaki imeungwa nao kwa neva yenye nyuzi kama milioni moja. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu ila retina daktari anaichungulia kupitia mboni, hapasui kitu.

Swali: Wanatafuta nini humo?

Kukonda. Kuna mashine inaitwa OCT, imeanza kujulikana 1991, inatumia mwanga kuonyesha tabaka za retina moja moja, dakika chache umemaliza, hakuna sindano. Wenye Alzheimer, Parkinson, hata multiple sclerosis, ule ambao kinga ya mwili inashambulia neva, mara nyingi tabaka zao za neva zinakutwa zimepungua unene. Kwa Parkinson kuna la ziada, ile dopamini, kemikali ya kupitishia ujumbe kati ya seli, inayopungua ubongoni ipo na kwenye retina pia, ndo maana wagonjwa wengine wanalalamika rangi zinafifia au hawaoni vizuri kwenye mwanga hafifu, wanabadilishiwa miwani mara mbili mara tatu na hali ni ileile, inauma kwa kweli. Mwaka 2023 watafiti wa London, wa chuo kikuu cha UCL na hospitali ya macho ya Moorfields, walitangaza kwamba wamekuta alama za Parkinson kwenye picha za macho zilizopigwa kama miaka 7 kabla ugonjwa haujajitokeza. Na hiyo ni muhimu mno, sababu mkono ukianza kutetemeka seli nyingi za dopamini zinakuwa zimeshakufa.

Swali: Basi nimpeleke bibi akapigwe OCT nijue kama ana Alzheimer?

Hapana, bado. Presha ya macho nayo inakondesha retina, kisukari kinaiharibu, uzee nao unaipunguza, na tofauti yenyewe ni ndogo mno, inaonekana ukilinganisha mamia ya watu, kwa bibi mmoja haikwambii kitu cha uhakika. Anayekuuzia kipimo hicho leo kama jibu la Alzheimer usimpe hela yako.

Ila macho mpeleke akapimwe. Wapo wazee wanaambiwa wamechanganyikiwa, hawatambui wajukuu, kumbe ni mtoto wa jicho tu na anatolewa. Kama anasahau kweli, anarudia swali lilelile, anapotea njia ya kwake, muone daktari, atamhoji yeye na nyie mnaokaa naye na kupima damu, maana kuna kusahau kunakoletwa na upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingoni, na huko kunatibika.