Kabla shule haijaruhusu akili unde, nani ametia saini?

Ukitaka kujua akili unde (AI) imefika wapi shuleni, usianzie darasani. Anzia ofisi ya walimu. Kikao kinajadili namna ya kuwazuia wanafunzi wasiandikiwe insha na ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika inachoombwa, na papo hapo kuna mwalimu ambaye simu yake imemwandalia azimio la kazi, maswali ya jaribio la katikati ya muhula na maoni ya ripoti za mkondo mzima. Simlaumu. Mwenye vipindi vingi na darasa lililofurika ana haki ya kutafuta nafuu. Lakini ripoti zile zina majina, alama na mahudhurio, na mara nyingine zina maneno kama "amefiwa na baba" au "hasikii vizuri sikio la kushoto". Zikishaingizwa kwenye programu ya kampuni iliyoko ng'ambo, shule haina tena namna ya kuhakikisha zinaishia wapi.

Shule zetu zinajua kutunza siri. Karatasi za mitihani hufungiwa, anayeshika ufunguo anajulikana, na bahasha haifunguliwi bila mashahidi. Taarifa za mtoto mwenyewe hazijapata ulinzi wa namna hiyo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko insha za kuandikiwa.

Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inaigusa shule moja kwa moja. Kwa lugha ya sheria hiyo, shule ni mkusanyaji wa taarifa, na kampuni inayozishughulikia kwa niaba yake ni mchakataji. Taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu.

Mkuu wa shule akisikia hayo, jibu la haraka huwa kwamba wazazi watasaini fomu. Saini ya mzazi ni muhimu, ila haimalizi kazi. Mwaka 2018 shule moja ya sekondari katika mji wa Skellefteå, Sweden, ilijaribu kuita mahudhurio kwa kamera inayotambua sura. Wanafunzi walikuwa 22, jaribio lilidumu wiki chache, na ridhaa ilikuwa imeombwa. Mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi hiyo ilitoza faini ya kronor 200,000 mwaka 2019 ikisema kwamba mwanafunzi yuko chini ya mamlaka ya shule, hivyo "ndiyo" yake haiwezi kuhesabiwa kuwa huru, na kwamba mahudhurio yanaweza kuitwa bila kuchukua sura ya mtoto. Sheria iliyotumika ni ya Ulaya, lakini hoja ile inatuhusu sana. Mzazi anayepewa fomu ya kujiunga yenye kurasa nyingi, mtoto keshapata nafasi na godoro limeshanunuliwa, atasaini chochote. Ridhaa ya kweli inaombwa peke yake, kwa lugha anayoielewa mzazi, na anayekataa mtoto wake hapotezi kitu.

Sasa, nani aamue? Kwa sekondari ni bodi ya shule, na kwa msingi ni kamati ya shule. Mkuu wa shule asiamue peke yake, na mwalimu wa TEHAMA asibebeshwe mzigo huu kwa sababu tu yeye ndiye anayejua kompyuta. Yeye aeleze programu inafanyaje kazi. Mwalimu wa taaluma aseme inasaidia ujifunzaji gani. Bodi ndiyo ipime na kuandika uamuzi kwenye muhtasari wa kikao.

Bodi isitishike na ukubwa wa kampuni wala uzuri wa onyesho. Machi 2024 mamlaka ya shule za Los Angeles, ya pili kwa ukubwa Marekani, ilizindua kwa shangwe programu ya mazungumzo iliyoitwa Ed, kwa mkataba uliofikia dola milioni 6. Kufikia Juni mwaka huohuo kampuni iliyoitengeneza, AllHere, ilikuwa imeshawapumzisha wafanyakazi wake wengi kwa kukosa fedha, na programu ikazimwa. Swali likabaki juu ya taarifa za wanafunzi zilizokuwa zimepita humo. Kama mji wenye wanasheria na wataalamu wa kutosha ulifikwa na hayo, shule ya kata au ya binafsi iliyopewa programu ya bure ya majaribio ina sababu zaidi ya kuuliza mapema: kampuni ikifa, au tukiacha kulipia, taarifa zetu zitafutwa na nani, na tutathibitisha vipi kwamba zimefutwa?

Nije kwenye insha, kwa sababu hapo ndipo naona dhuluma inaweza kutendeka mchana kweupe. Zipo programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine, na baadhi ya walimu wanaziamini kama kipimo cha maabara. Haziko hivyo. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilitoa programu yake ya ugunduzi Januari 2023, ikakiri yenyewe kwamba inanasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuyasingizia ya binadamu kwa asilimia 9. Julai mwaka huo ikaiondoa. Na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine.

Chanzo kinaeleweka. Nyingi ya programu hizo hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Mwandishi mwenye msamiati mpana hubadilisha njia. Anayejifunza lugha hushika sentensi alizofundishwa. Sasa mfikirie mwanafunzi wa kidato cha pili Tanzania, aliyesoma msingi kwa Kiswahili, anayeandika Kiingereza kwa vifungu alivyokaririshwa na mwalimu wake mwenyewe. Insha yake inatabirika kwa sababu amesikiliza darasani. Kumwita mbele ya kamati ya nidhamu kwa ushahidi wa programu ya namna hii ni kumwonea.

Kwa hiyo sera ya shule iseme waziwazi kwamba matokeo ya programu ya ugunduzi hayatoshi kumtia mwanafunzi hatiani. Mwalimu mwenye shaka amwite, amwombe aeleze hoja ya aya ya pili, amwulize mfano ule ameutoa wapi, ampe dakika ishirini aandike aya nyingine mbele yake. Kazi kubwa zitolewe kwa hatua: mpango, rasimu, kisha nakala ya mwisho, rasimu zikiwa zimeandikwa kwa mkono darasani. Inachukua muda zaidi, najua. Lakini mwanafunzi aliyetuhumiwa lazima awe na mahali pa kukata rufaa, na mtu wa kumsikiliza asiwe yuleyule aliyemtuhumu.

Vivyo hivyo kwenye kusahihisha. Mashine inaweza kumpendekezea mwalimu makosa ya kuangalia. Alama inabaki ya mwalimu. Kwenye insha za Kiswahili tahadhari iwe kubwa zaidi, kwani programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno ya Kiingereza na machache ya lugha yetu. Mwanafunzi aliyetumia methali ya kwao sawasawa asipunguziwe alama na kitu kisichoijua.

Kuhusu umri, mwongozo wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wa Septemba 2023 unapendekeza kwamba darasani mtoto asitumie zana hizi akiwa chini ya miaka 13. Masharti ya ChatGPT yenyewe yanataka miaka 13, na ruhusa ya mzazi hadi 18. Kwa shule za msingi uamuzi ni mwepesi: mwalimu aitumie kuandaa somo, watoto waipishe.

Sera nzima itoshe ukurasa mmoja na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu asiweke jina, namba ya mtihani, picha wala habari za afya za mwanafunzi kwenye programu ambayo bodi haijaipitisha. Ziwepo orodha ya programu zilizopitishwa na jina la anayepokea taarifa kukiwa na uvujaji. Walimu ambao wameshazitumia wapewe mafunzo kabla ya adhabu, maana ukianza na vitisho watazificha.

Na kwenye kikao cha wazazi cha muhula, mzazi ana haki ya kusimama na kuuliza: kwa mtoto wangu inatumika programu gani, nani aliipitisha, na taarifa zake ziko wapi? Kama uongozi hauna majibu siku hiyo, uombe muda hadi kikao kijacho, na programu isimamishwe mpaka hapo.