Hita ya bwawa la nyumbani: lita peke yake hazitoshi

Dhana: Ukijua bwawa lina lita ngapi, umeshajua hita ya kununua.

Ukweli: Lita zinakuambia kazi ya kupasha maji yaliyopoa, basi. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni lita 48,000. Kuyatoa maji hayo nyuzi joto 18 hadi 28 kunahitaji takriban kilowati-saa 560, kwa hiyo hita inayotoa kilowati 15 itawaka saa 37 na kuendelea, kwa sababu bwawa hupoteza joto huku linapashwa.

Upotevu huo ndio watu wengi wanaousahau. Joto hutoka zaidi kupitia uso wa maji, hasa kwa mvuke: kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto ambalo lingepasha kilo zaidi ya 500 kwa nyuzi 1. Ndiyo maana mabwawa mawili yenye lita sawa yanaweza kuhitaji hita tofauti, moja likiwa pana, la kina kifupi, na limekaa upeponi. Kabla ya kununua, pima urefu na upana wa maji, kisha ujue hewa huwa na nyuzi ngapi katika miezi utakayoogelea.

Dhana: Hita kubwa hula nishati nyingi zaidi.

Ukweli: Kwa hita za aina moja, kazi ni ileile, kubwa huimaliza mapema na kuzima. Ndogo mno ndiyo mateso: usiku wa baridi inaweza kuwaka mfululizo na maji yasifike unapotaka. Kubwa ina gharama zake pia, bei ya kununua na nyaya nene au bomba pana la gesi.

Dhana: Kilowati zilizoandikwa kwenye pampu ya joto ndizo utakazopata siku zote.

Ukweli: Pampu hiyo huchota joto hewani, na hewa ikipoa nguvu yake hushuka. Namba kubwa ya kwenye tangazo mara nyingi ilipimwa hewa ikiwa na nyuzi kama 27. Dai namba ya nyuzi 15, uchague kwa hiyo.

Dhana: Kifuniko ni cha kuzuia majani tu.

Ukweli: Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kifuniko hupunguza gharama ya kupasha bwawa kwa asilimia 50 hadi 70. Inasikitisha kuona mtu akiongeza kilowati huku bwawa likilala wazi. Nunua kifuniko kwanza, ndipo upige hesabu ya hita.