Umeona data za watoto ziko wazi na shule haijibu? Fanya hivi

Chukua mfano wa mzazi wa Embakasi, Nairobi, anayetafuta salio la karo la mwanawe kwenye tovuti ya shule. Anakosea tarakimu moja ya nambari ya usajili, na mbele yake linatokea jina la mtoto mwingine, deni lake, nambari ya simu ya mama yake na maelezo kwamba ana pumu. Mfumo haukuuliza nywila. Mzazi anamwandikia mwalimu mkuu, kimya. Anapiga simu, anaambiwa apitie wiki ijayo.

Udhaifu huu ni wa kawaida mno: mfumo unauliza unataka rekodi gani, hauulizi kama unaruhusiwa kuiona.

Usijaribu nambari nyingine ili upate ushahidi zaidi. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Singemshauri mzazi yeyote ategemee nia yake njema kama kinga. Picha moja ya skrini inatosha, jina la mtoto likiwa limefichwa, pamoja na tarehe na saa. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Utakuwa umewaonyesha mamia ya watu mlango ulio wazi.

Kisha andika barua ya karatasi. Kichwa kisiwe "hitilafu ya tovuti", maana barua ya namna hiyo huishia kwa fundi aliyeacha kazi zamani. Andika: "Data za wanafunzi zinaonekana na watu wa nje." Nakala iende kwa mwenyekiti wa bodi. Usidai malipo yoyote. Beba nakala yako, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo una uzito: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, shule ikishajua kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara, ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wiki mbili zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ukiambatisha nakala hiyo. Ofisi hiyo haizichekei shule: mwaka 2023 iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Upande wa kiufundi, ripoti kwa KE-CIRT, kituo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Aliyegundua akiwa mwanafunzi, mzazi ndiye atie sahihi barua. Nanyi walimu wakuu, nawasihi msimfukuze mtoto huyo. Mwiteni na mzazi wake, awaonyeshe alichokiona, kisha mpigieni simu aliyewauzia mfumo siku hiyo hiyo.