Kwa nini injini ya nyanda za juu inataka kompresheni kubwa na kemshafti ndogo?

Je, wajua injini inayovuta vizuri pwani, ukiipandisha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu na hakuna kitu kimeharibika? Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo pistoni ikishuka inavuta kidogo.

Sasa kompresheni, yaani pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara ngapi. Ukisikia injini ni 9 kwa 1 hiyo ni hesabu ya ujazo tu, haisemi silinda imemeza hewa kiasi gani. Pwani hewa inaanza na presha ya kilopaskali 101, huko juu inaanza na kama 83, basi hata ukiibana mara 9 zilezile presha ya mwisho inakuwa ndogo na mchanganyiko haukimbilii kulipuka kabla ya wakati, ndo maana aliyeko juu anaweza kuongeza kompresheni kwa petroli ileile na injini isigonge. Lakini kompresheni haileti hewa iliyokosekana! Kutoka 9 kwenda 10, kinadharia, unapata kama asilimia 3 tu. Kurudisha ile 15 yote ni kazi ya tabo (turbo), inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, ndo wengi wanaharibu, maana wanachagua kwa mlio. Valvu ya kuingiza hewa haifungi pistoni ikifika chini, inachelewa kidogo, na kemshafti kubwa, yaani inayoacha valvu wazi muda mrefu, inachelewa zaidi, sasa kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) za chini pistoni inapopanda inasukuma nje sehemu ya mchanganyiko ambao tayari ni haba, unakanyaga gari linajikokota tu mpaka RPM zipande sana. Kwa gari la kila siku mimi ningechukua ndogo, inayofunga valvu mapema, hata kama haiungurumi vile unavyotaka.

Halafu kuna breki, na hili naomba lisipuuzwe. Busta ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga, inategemea vakyumu (nguvu ya kufyonza) ya injini, na kwa kila mita 300 unazopanda vakyumu inapungua kama inchi 1 ya zebaki, mita 1,600 ni inchi 5 hivi zimeondoka. Ukiweka na kemshafti kubwa inayoacha valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa, wazi kwa pamoja muda mrefu, inapungua tena, pedali inakuwa ngumu kama jiwe mguuni kwenye mteremko.

Kompresheni na kemshafti vichague kwa pamoja, na pima kwa sehemu ya chini kabisa utakayoendesha, maana kompresheni ya juu ukishuka nayo pwani ukiwa na mzigo injini itagonga. Ukiwa juu, taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) inaweza kuwahishwa digrii chache kwa sababu mchanganyiko mwepesi unaungua taratibu, na jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitisha petroli, zinapunguzwa saizi kwa sababu hewa ni haba. Ukishuka, rudisha vyote, hasa jeti, mafuta yakiwa machache pistoni inatoboka.