Farasi na hofu ya kelele: maswali ninayoulizwa usiku wa fataki

Simu yangu huanza kulia baada ya fataki ya kwanza kulipuka. Wakati huo tayari tumechelewa, mimi na mwenye farasi.

Kwa nini farasi hushtuka kiasi hicho?
Ni mnyama wa kuwindwa; kinga yake ni mbio. Kila sikio huzunguka kivyake, na hunasa sauti nyembamba ambazo wewe huzisikii kabisa.

Nitajuaje kuwa ni hofu, si ukorofi?
Mtazame. Shingo juu, weupe wa jicho umejitokeza, anakoroma, anatetemeka, jasho linamtoka ilhali amesimama tu, na kinyesi kinakuwa laini, tena cha kila mara. Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika; wa huyu unakimbia. "Mkorofi" ni neno ambalo wenye farasi hulitumia mno.

Si atazoea tu?
Hapana. Kumfunga kamba fupi karibu na kelele "mpaka achoke" hakumzoeshi. Akisimama kimya amekata tamaa tu, hofu iko palepale, na kesho mfuniko wa ndoo ukianguka atavunja uzio.

Na nikimchapa kidogo?
Hapana! Sasa anaogopa vitu viwili: mlio na wewe.

Basi azoeshwe vipi?
Mpigie rekodi ya milio kwa sauti ya chini sana wakati anakula, kisha ongeza kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Akiacha kula, umezidisha, punguza. Kazi hii haianzi siku mbili kabla ya sherehe.

Daktari aitwe lini?
Kabla. Ukijua tarehe ya fataki, piga simu siku kadhaa mapema. Dawa ya kutuliza hushika vizuri ikimkuta bado ametulia. Akishapagawa, dozi ileile huenda isimfae kitu. Jeli ya detomidini, mojawapo ya dawa hizo, huwekwa chini ya ulimi na huhitaji kama dakika 40. Ikimezwa, nguvu yake hupotea. Kama ni dume, mwambie daktari, maana asepromazini, dawa nyingine ya kutuliza, inaweza kumletea matatizo ya uume. Asile mpaka dawa imwishe, asije akapaliwa. Vidonge vyako wewe na vya mbwa wako viache kabatini.

Sikumwita, na fataki zimeanza. Nifanyeje?
Mwache mahali alipopazoea, pamoja na mwenzake, akiwa na nyasi kavu za kutosha. Washa taa na redio. Usimpande, usimfunge kamba. Akianza kurukaruka, toka bandani; kilo 500 zenye hofu hazikuoni. (Misumari iliyochomoza na seng'enge ilikuwa ikaguliwe mchana.)

Asubuhi ametulia. Yamekwisha?
Mkague miguu yote minne, ukipapasa kwa mkono. Kisha angalia tumbo: anaparaza ardhi kwa kwato, anageukia ubavu, analala na kuinuka, hataki nyasi, hajatoa kinyesi? Huo ni msokoto wa tumbo, nao huua. Niliwahi kuitwa adhuhuri kwa farasi aliyekuwa akigeukia ubavu wake tangu alfajiri. Mwenyewe alikuwa anangoja "hofu imtoke". Ukiona dalili hata moja kati ya hizo, piga simu saa ileile, hata kama jua halijachomoza.