Betri inasoma 12.6 lakini pampu haivuti maji? Angalia waya

Watu wa bustani huku Igombe na Kayenze, kando ya ziwa Mwanza, wananiuliza sana hili, "fundi nimepima kule mwisho wa waya nakuta volti 12.6, mbona pampu inalia tu?" Mkubwa, umepima pampu ikiwa imezimwa. Umeme usipotembea hakuna volti inayopotea njiani, hata ukivuta waya wa spika utasoma 12.6 ileile. Washa pampu, halafu weka pini za mita palepale pampu ilipoungwa, ndo utajua ukweli.

Tupige hesabu. Betri nyumbani, pampu ziwani mita 40, volti 12, wati 60, yaani ampea 5. Umeme unaenda na kurudi kwahiyo waya ni mita 80 sio 40, hapo ndo wengi wanapotea. Waya wa shaba wa 2.5 (milimita za mraba, yaani unene wake): chukua 0.0175, ndo ukinzani wa shaba, zidisha kwa 80 gawa kwa 2.5, unapata ukinzani wa omu 0.56, mara ampea 5 ni volti 2.8 zimeishia njiani na pampu inabakiwa na 9.2 hivi. Bado hujahesabu vile viungio vya kusokota na solotepu, unyevu ukishaingia shaba inaota kijani na pampu ikifanya kazi ukishika hapo unakuta pamoto.

Kukimbilia waya mnene sishauri. Ili usipoteze zaidi ya asilimia 5 kwenye volti 12 utahitaji waya wa 16, na mita 80 za waya huo nani ana hela hiyo? Tafuta pampu ya volti 24, betri mbili za 12 unganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine, na kontrola ya sola, kile kifaa kinachochaji betri kutoka kwenye paneli, nayo iwe inakubali 24. Wati zilezile 60 sasa ni ampea 2.5, waya wa 4 unatosha kabisa, maana wati zinazopotea njiani zinafuata ampea mara ampea, ukizipunguza ampea nusu kwenye waya uleule wati zinazopotea zinashuka mpaka robo.

Dukani kwaruza uzi wa waya kwa kisu, ukikuta weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, achana nao hata kama muuzaji anaapa.

Na fyuzi ikae kwenye betri, sio kule kwenye pampu kama ninavyokuta kila siku, kwasababu jembe likikata waya katikati ya bustani, chanya na hasi zikagusana, fyuzi ya ziwani haioni chochote na waya wote unawaka.