Mwenzako kazini anatafuta kazi kwingine? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Dalili hazijifichi. Kaja na tai siku ya Jumatano, vyeti vyake kavigongesha mihuri kwa wakili, simu anapokelea kwenye ngazi. Basi, jamaa anaondoka!

Ukweli: Vyeti vyenye muhuri huombwa hata na vyuo, na simu ya ngazini huenda ni ya mkopo au mgonjwa. Hata akienda Dodoma kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosaili waombaji wa kazi serikalini, bado hajaondoka. Wangapi wamekwenda kwenye mchujo wakarudi kwenye meza zao?

Dhana: Akijulikana, anafukuzwa.

Ukweli: Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu. Kutuma CV peke yake si utovu wa nidhamu. Kusingizia ugonjwa ili aende usaili, au kubeba orodha ya wateja, hayo ni mengine. Likizo yake ya siku 28 ni haki yake. Akienda kusailiwa au kulima, shauri lake.

Dhana: Kumwambia bosi ni uaminifu.

Ukweli: Ulichonacho ni tetesi. Ikimfikia bosi, mwenzako anarukwa kwenye mafunzo, anatolewa kwenye mradi, na pengine hakuwa na mpango wa kwenda popote. Sasa atakuwa nao. Bosi akikuuliza, "Labda umuulize mwenyewe" ni jibu tosha, tena la heshima.

Dhana: Ataondoka ghafla, mzigo utuangukie.

Ukweli: Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, anatakiwa kutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Akigoma kuitumikia, mwajiri anaweza kumkata fedha ya siku hizo kwenye malipo yake ya mwisho. Ila hofu yenyewe ina msingi: siku 28 ni chache kama ni yeye tu anayejua kuandaa ritani ya VAT, taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani, na tarehe 20, siku ya mwisho ya kuiwasilisha, haimsubiri mtu. Kwa hiyo usimpeleleze. Mwambie, "Kaka, mwezi huu nikae pembeni yako ukiandaa ritani, niandike hatua." Hatua hizo zitahitajika hata akiugua malaria, kwa hiyo huna haja ya kutaja kuondoka.

Dhana: Akiniomba niwe mdhamini (referee) kwenye maombi yake ya kazi, nimeshaingia kwenye njama.

Ukweli: Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hudai wadhamini watatu, na anayekujua kikazi ndiye anayefaa. Kukubali si kumsaliti bosi. Kama hutaki, kataa mapema apate muda wa kutafuta mwingine. Ukikubali, mpe namba yako binafsi, si ya mezani: simu ya ofisini ikiita, anayeipokea anaweza kuwa bosi.